Shangazi na Pesa za Kusalimiwa

Mara nne kwa mwaka shangazi yangu alikuja benki kuzisalimia pesa zake. Neno ni lake, si langu. Alivaa buibui lililopigwa pasi, akapanga foleni kama watu wengine, na akifika dirishani kwangu alisema kwa sauti iliyomfikia mpaka mlinzi wa mlangoni: "Nipe zote." Nikampa zote. Alikwenda nazo kwenye benchi la wateja, akatandika kanga mapajani, akazihesabu noti moja moja huku midomo ikimcheza. Akimaliza alirudi kwenye foleni, akanikabidhi zilezile na kusema, "Haya, zirudishe zikalale."

Wateja walishamzoea. Mlinzi alikuwa anasogea na kusimama karibu na benchi mpaka amalize, na kama kuna kijana anachungulia sana alimkoholea. Kanuni za kazi zilinikataza kuhudumia ndugu, lakini Lindi ni mji mdogo, na mtu akikataa kuhudumia ndugu zake pale kaunta atakaa siku nzima akiangalia feni. Meneja alijua, akanyamaza.

Ziara ya mwezi wa Rajabu ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa kuwa Rajabu ndipo shangazi alipotoa zaka. Yeye haamini zaka ya kuhesabiwa kwenye karatasi. Mali kwake ni ile uliyoishika, na huwezi kumtolea Mungu fungu la kitu ambacho hujakitia machoni. Basi alitenga fungu la zaka, akalifunga kwenye pindo la kanga, na zilizobaki ndizo zilizorudi kulala.

Niseme yeye ni nani kwangu. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne, na shangazi, dada yake mkubwa, akaja kunichukua na sanduku langu akanipeleka kwake Rasbura. Hakuwa na mume tena wala mtoto wa kuzaa. Alikuwa na mikorosho upande wa Mtama na kazi ya kubangua. Anazikaanga korosho kwenye bati lenye matundu mpaka zishike moto, anazimwagia mchanga, kisha anakaa kwenye mkeka na kuzigonga moja moja kwa jiwe kutoa kiini kikiwa kizima. Viini vizima anavifunga kwenye vifuko na kuviuza stendi na maofisini. Ada zangu zote, kuanzia sare mpaka chuo cha biashara, zimetoka kwenye jiwe lile.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Shangazi hupaka majivu mikononi, lakini miaka arobaini ya majivu haijasaidia kitu. Vidole vyake ni vyeusi na laini kama mpini wa jembe la zamani, mistari yote imekwisha. Alipokwenda kufungua akaunti, mashine ya kusoma alama za vidole ilimkataa kidole baada ya kidole, vyote kumi. Ikabidi watafute kidau cha wino na kumpigisha dole gumba kwenye karatasi, na hivyo ndivyo alivyoendelea kutia saini miaka yote.

Pesa zenyewe zilikuwa za Makka. Alianza kuziweka kwenye debe chini ya kitanda, mchwa wakazila kiasi, akalia siku mbili, ya tatu akaenda benki. Afisa wa wakati ule alimwambia kwamba kila mwisho wa mwaka benki itamwongezea kidogo. Shangazi akamuuliza wanamwongezea kwa lipi, amewauzia nini? Afisa alipoanza kujieleza akamkatiza: hiyo ni riba, na pesa hizi zinakwenda kwenye nyumba ya Mungu. Afisa akamtafutia akaunti isiyo na riba hata senti moja. Dirisha la Kiislamu benki yetu haikuwa nalo. Alichosahau kumwambia, au alichomwambia haraka haraka, ni kwamba akaunti ya aina ile hukatwa kila mwezi, na kila unapotoa pesa nyingi dirishani hukatwa tena.

Shangazi alitoka pale kifua mbele. Kwa miaka tisa aliwaambia majirani, "Mimi na benki hatudaiani. Sitaki chao, hawachukui changu."

Mimi niliajiriwa katika tawi lilelile. Jumatatu asubuhi, kabla ya mlango kufunguliwa, meneja alitukusanya na kutufundisha. Ni mtu wa uwanda wa Makonde, Mkatoliki mcheshi, anayependa kuchora ubaoni hata kitu kisichochoreka. "Watu wanadhani benki ni ghala," alituambia wiki yangu ya kwanza. "Ghala halilipi mishahara. Sisi tunakodi pesa kwa huyu kwa bei ndogo, tunamkodisha yule kwa bei kubwa, na katikati hapo ndipo mnapokula ninyi." Akachora mishale: pesa za wenye akiba zinaingia, zinatoka kwenda kwa walimu wanaokatwa mshahara juu kwa juu, kwa wanunuzi wa ufuta, kwa vijana wa bodaboda. Zinazobaki tunaikopesha serikali, ambayo haihami mji usiku. Kisha akachora kiboksi kidogo pembeni. Hicho kilikuwa cha makato: kutoa, kutuma, kuchapisha taarifa, kukaa tu na akaunti, kugawana kamisheni na mawakala. "Hiki msikidharau. Mkopo unaweza kuota mbawa. Makato hayajawahi kunikimbia."

Akatuuliza pesa ipi ni tamu kuliko zote. Tukakisia hili na lile. Akasema, "Ni ya mteja asiyetaka riba. Hiyo tunaikodi bure, na tunamkodisha mwenzake kwa bei ileile."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka. Nalisema hilo mapema kabisa, kwa sababu huko mbele nitaonekana mtu mwema.

Rajabu iliyopita shangazi alikuja kama kawaida. Nikampa zote, akaenda kwenye benchi. Alikaa muda mrefu kupita kawaida. Nilimwona akihesabu, akirudia, akitoa daftari kwenye mkoba, akihesabu tena. Aliporudi dirishani hakusema zikalale.

"Mwanangu, hebu niangalizie. Macho yangu naona yameanza kunidanganya."

Herufi shangazi hazijui sana, lakini tarakimu humwongopei. Kwenye daftari lile kila alichoweka kilikuwa na mstari wake na kila zaka ilikuwa na mstari wake, miaka tisa yote. Kwa hesabu ya daftari, pesa ya safari ilikuwa imetimia na kuzidi kidogo. Kwa hesabu ya mapaja yake, ilipungua laki tano na elfu themanini. Na taasisi inayopeleka mahujaji ilikwishamwandikia nafasi kwa sharti moja: alipe yote, kwa mkupuo mmoja, kabla Shaabani haijaisha. Asipolipa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Kila mara nazikuta zimepungua kidogo," alisema. "Nikadhani nakosea mimi. Sasa mwaka huu nimeshaaga mtaa mzima."

"Si ungoje mwakani, shangazi?"

"Magoti yangu hayana mwakani." Aliligonga la kulia kana kwamba ni mlango wa mtu. "Zirudishe zikalale, halafu utaniambia zimekwenda wapi."

Mchana nilichapisha taarifa ya akaunti yake, nikajifungia stoo ya karatasi na kikokotoo. Elfu mbili na mia tano kila mwezi, miezi mia moja na nane. Elfu kumi kila alipozitoa kuzisalimia, mara thelathini na sita. Jumla laki sita na thelathini elfu. Zingetosha kuziba pengo na zingebaki.

Nikarudia kuangalia zile mara thelathini na sita, nikazitenga zangu. Nilikuwa na miaka mitatu pale kaunta. Mara kumi na mbili kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Kila mara kioo kilinionyesha makato yale kwa herufi ndogo chini, na kila mara nilibonyeza "endelea" huku nikimuuliza shangazi habari za nyumbani. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa moto, na sikuwa na wa kumgombeza isipokuwa huyo aliyekaa na kikokotoo.

Pale pale stoo niliamua kwamba atakwenda. Sikujua vipi, ila nilijua Shaabani haitaisha shangazi akiwa na pengo.

Nilianzia kwa meneja. Nikamwekea karatasi mezani na kumwomba amrudishie. Aliisoma yote, kwa haki yake niseme hivyo, hakuisukuma pembeni. Kisha akanionyesha bango la viwango ukutani, na fomu ya miaka tisa iliyopita yenye doa jeusi la dole gumba.

"Yote yamekatwa kihalali," alisema. "Nikimrudishia shangazi yako leo, kesho nitamrudishia nani? Wako wangapi wasiojua? Makato ndiyo yanalipa umeme wa jengo hili."

"Yeye hakuelewa, bosi."

"Wengi hawaelewi. Naweza kumhamishia akaunti isiyo na makato. Lakini hiyo inatoa riba."

Tulijua wote wawili kwamba hilo halipelekeki Rasbura.

"Basi nitalipa mwenyewe," nikasema.

"Hilo ni lako," akajibu, na akanirudishia karatasi yangu.

Mshahara ulipotoka nilitenga laki tano na themanini, nikaweka kwenye bahasha na kwenda Rasbura jioni. Shangazi alikuwa kwenye mkeka barazani, jiwe mkononi, kilima cha korosho zilizokaangwa mbele yake. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba, nikampa bahasha. Akaichungulia.

"Za wapi hizi?"

"Zangu, shangazi. Mshahara. Pengo limezibika."

Hakuniuliza kwanza pengo limetoka wapi. Aliuliza kitu ambacho miaka mitatu yote nilikuwa namwomba Mungu asiulize.

"Na hao benki wanapata wapi za kukulipa wewe? Hawalimi, hawauzi. Mimi sijawaona na bidhaa."

Ningeweza kukwepa. Ningesema serikali, ningesema biashara kubwa huko Dar es Salaam, naye angeamini. Lakini nilikuwa na hasira bado, na mimi nikiwa na hasira nasema kweli, ndiyo kasoro yangu. Nikavuta sinia la viini karibu.

"Chukulia hizi ni zako, umeniwekea mimi," nikamwambia. "Unadhani nimezifungia kabatini. Sijazifungia. Jirani amekuja anataka korosho za kupeleka harusini, nikampa zako kwa mapatano kwamba akizirudisha ataongeza konzi. Wewe ukija kuzisalimia nakutolea zilizowekwa na mwingine, hujui. Jirani akirudisha, zako narudisha kwenye sinia, na ile konzi nachukua mimi. Na kwa kuwa umenisumbua kuja kuziangalia, nakudokolea kiini kimoja kila ukija. Pengo lako ni hivyo viini. Laki sita na thelathini, miaka tisa. Kumi na mbili nimedokoa mimi kwa mkono huu."

Alikuwa anaendelea kugonga huku nikisema. Jiwe lilisimama mwishoni kabisa.

"Ile konzi ni riba," alisema.

"Ni riba."

"Pesa yangu ya Makka imekuwa ikitoka kwenda kukopeshwa kwa riba."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ile konzi ndiyo mshahara wako. Na ndiyo ule mchele wa Idi. Na ndilo hili bati jipya la paa."

Aliiweka bahasha mapajani mwangu polepole, si kwa kunitupia, na hilo ndilo lililoniuma. Angenifokea ningejua la kufanya. Akarudi kwenye jiwe lake.

"Siendi," alisema. "Nitawaambia taasisi wampe mwingine nafasi."

Nilitembea kurudi kwangu usiku ule nikijitukana njia nzima. Nilikwenda kuziba pengo la laki tano, nikaacha shimo lisilo na kipimo. Lakini nilipofika mlangoni nilikuwa bado nimeamua vilevile. Atakwenda. Kama ni maneno yangu yaliyomzuia, basi nitatafuta maneno mengine.

Maneno nilikwenda kuyachukua kwa mwalimu wa madrasa aliyenifundisha juzuu nikiwa mdogo. Nilimweleza yote, nikamleta mpaka barazani kwa shangazi. Yeye alisema jambo moja na hakulizungusha: rasilimali ni halali yake, kwa kuwa ameitolea jasho na ameikataa riba; ilichokifanya benki nyuma ya mgongo wake kiko juu ya benki. Shangazi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akamuuliza, na pengo?

"Pengo lizibe kwa unachokijua ni halali," mwalimu akasema, akanywa chai yake na kwenda zake.

Shangazi akaniangalia. Nikaona anaanza kupiga hesabu machoni, na moyo ukanirudi kifuani.

"Nina magunia mawili ya korosho stoo," alisema. "Ni ya kuniendesha mpaka msimu ujao. Lakini peke yangu siwezi kuyamaliza kabla Shaabani haijaisha. Kubangua, kumenya, na kuuza tena?"

"Si peke yako."

"Wewe una kazi."

"Nina likizo. Siku ishirini na nane, sijaigusa mwaka mzima."

Tukapiga hesabu kwenye daftari lake. Pengo laki tano na themanini. Elfu kumi ya kuzitoa mara ya mwisho. Elfu mbili na mia tano ya mwezi wa Shaabani, ambayo benki ingekata hata kama dunia ingesimama. Kwa bei ya elfu kumi na nane kila kilo, tulihitaji kilo thelathini na tatu za viini vizima, vyeupe, visivyo na doa. Vilivyovunjika havina bei.

Nilidhani najua kubangua. Nilikuwa nikibangua nikiwa mtoto, nusu saa baada ya shule, kisha shangazi ananifukuza nikasome. Siku ya kwanza ya likizo nilivunja zaidi ya nilizotoa nzima, na shangazi alikuwa akitazama sahani yangu ya vipande huku akiguna. "Chuo kimekuharibu mkono," alisema. Siku ya pili mafuta ya ganda yalinipata vidoleni. Ngozi ikawa nyekundu, ikawa nyeusi, ikaanza kuambuka kama ganda la kitunguu. Nilipaka majivu, nikapaka mafuta ya nazi, nikajifunga vitambaa, na vitambaa vikanifanya nivunje zaidi. Nikavivua.

Mvua nazo zilikuwa zimeanza. Kiini kikishatoka lazima kianikwe mpaka ile ngozi yake ya ndani iachie, na jua la Shaabani ile lilikuwa linatoka saa moja linajificha siku mbili. Tukavianika juu ya jiko, kwenye chekeche, tukipokezana kugeuza ili visiungue. Moshi wa maganda ulinikaba koo mpaka nikawa naongea kama mzee. Kulikuwa na asubuhi nilizokaa kwenye ule mkeka nikiziangalia korosho na kuzichukia kwa majina.

Lakini kilo zilikuwa zinapanda. Baada ya wiki moja nilipata mkono: unageuza korosho upande wa mgongo, unagonga mara moja, unairudisha upande mwingine, unagonga mara ya pili, inafunguka. Shangazi aliacha kuguna. Alasiri nilichukua vifuko na kwenda stendi, ambako niliuza pembeni ya akina mama wa ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, na asubuhi maofisini. Niliingia hata kwa watu ambao wiki chache nyuma niliwahudumia nikiwa na tai shingoni. Mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kazi. Nikamwambia nipo likizo, na kilo ni elfu kumi na nane, haipungui.

Chakula nilikula kwa shangazi. Hilo lilikuwa sharti lake: siku zote zile hakuna kitu cha mshahara wangu kuingia nyumbani mwake, hata sukari. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, na nikakumbuka kwamba miaka mingi nimeishi hivyo bila kulalamika.

Tulikuwa hatuongei sana. Bado kulikuwa na kitu kati yetu pale kwenye mkeka, na sikutaka kukisukuma. Jioni moja tu aliniuliza, bila kuinua macho, "Kwa hiyo kila mtu anayeweka pesa pale, zinatoka kwenda kukopeshwa?" Nikasema kila mtu. "Na wanaokopa, wanajua za nani?" Nikasema hawajui. Akagonga korosho tatu nne. "Mjinga si mimi peke yangu basi," akasema, na nikaona kama ametaka kucheka.

Kilo ya thelathini na tatu ilitoka siku ya mwisho ya likizo yangu. Tulipohesabu mauzo ilibaki elfu moja na mia tano juu ya hesabu, akanituma nikanunue ming'oko, tukala tumesimama.

Kesho yake nilirudi kazini. Ilikuwa siku moja kabla ya mwisho uliowekwa na taasisi. Pale mlangoni kuna mashine ya mahudhurio, unaweka kidole inalia, unaingia. Nikaweka kidole, haikulia. Nikaweka kingine. Nikaweka vyote kumi, mlinzi akinitazama. Niliposhuka kaunta, mfumo nao unaotaka kidole cha mhudumu kabla ya kutoa pesa nyingi ukanikatalia. Vidole vyangu vilikuwa laini, vyeusi kwenye ncha, havina hata mstari.

"Umevifanya nini?" meneja aliuliza.

"Nimebangua."

Alivishika, akavigeuza kwenye mwanga. Akanifungulia mfumo kwa nywila, na kwa kila malipo makubwa ikabidi aje aweke kidole chake yeye.

Saa nne shangazi akaingia. Foleni, kama kawaida. Kufika dirishani: "Nipe zote. Na hii akaunti funga."

Nikaingiza. Meneja akaja kusimama nyuma yangu aweke kidole. Safari hii sikubonyeza kimya. "Shangazi, hii itakukata elfu kumi," nilimwambia kwa sauti. "Najua," akasema, "nimeshaibangulia." Meneja akaweka kidole. Pesa zikatoka.

Hakwenda kwenye benchi. Alibaki dirishani, mkono mmoja juu ya mafungu ya noti, akaniuliza:

"Siku zote hizi ulizokaa kwangu, mshahara wamekukata?"

Lile ndilo jambo nililokuwa nimelipita kimyakimya mwezi mzima. Meneja alikuwa nyuma yangu, foleni ilikuwa mbele yangu, na mimi nilikwishajiapia kwamba simfichi tena kitu mtu huyu, hata kama atanisukumia mafungu yote yale na kurudi Rasbura.

"Hawajakata, shangazi. Likizo ina malipo."

Mtu wa nyuma yake alikohoa.

"Mwezi mzima wamekulipa wao, na wewe ulikuwa unabangua korosho zangu."

"Ndiyo."

"Walizonikata ulisema ngapi?"

"Laki sita na thelathini."

"Na wako wa mwezi?"

"Laki saba."

Akahesabu kwa vidole, akigusa kimoja kimoja juu ya kaunta. Akarudia. Kisha akainua macho, si kwangu, kwa meneja.

"Basi mmenirudishia," alimwambia. "Na mmezidisha elfu sabini. Mwenda Makka haondoki na deni la mtu, mwanangu. Ngoja."

Akainama kwenye mkoba, akatoa vifuko vya korosho, kilo moja moja. Ilikuwa akiba yake ya nyumbani, aliyobangua kabla ya magunia yetu, na alikuwa akitoka hapo aipeleke stendi. Akapanga vifuko vinne dirishani. "Kilo nne. Elfu mbili za juu ni zawadi. Sasa niandikie kwamba mimi na benki hatudaiani."

Nilitegemea meneja acheke. Hakucheka. Alitazama vifuko, akatazama kioo cha kompyuta yangu kana kwamba kuna mahali pa kuingiza kilo nne za korosho, kisha akavuta karatasi nyeupe na kalamu. Akaandika kwa mkono wake, pole pole, kwamba mteja huyu na tawi hili hawadaiani kitu. Akatia saini. Akaleta kile kidau cha wino.

Shangazi akaweka dole gumba lake. Meneja akasema lazima kuwe na shahidi, akanitazama mimi, na kidau kilikuwa bado wazi. Nikachovya dole langu, nikalikandamiza chini ya lake. Shangazi akaigeuza karatasi dirishani aione vizuri. Yalikuwa madoa mawili meusi, hakuna hata moja lenye mstari, na hata yeye hakuweza kusema lipi ni lake.